Pwani Kwanza, Kitanda Baadaye

Tangazo la hoteli ya kisiwani huonyesha kitanda chenye chandarua cheupe, bwawa la kuogelea na jua linapotua. Mzamiaji anayetaka kuingia baharini kwa miguu yake, bila boti wala foleni, hapati cha maana katika picha hizo. Anachohitaji kujua ni umbali kutoka ufukweni hadi ukingo wa mwamba, maji hupwa kiasi gani, upepo hutoka upande gani, na nani anaulinda mwamba wenyewe. Hoteli nzuri haiwezi kuitengeneza pwani mbaya. Lakini pwani ikiwa nzuri, hata nyumba ya wageni ya kawaida inakutosha, kwa sababu saa zako nzuri hutazipitishia chumbani.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu ya pekee ya kulizingatia hili, maana sehemu kubwa ya pwani yetu haikuumbwa kwa uzamiaji wa namna hiyo. Siku za bamvua, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa pale Unguja hufika takriban mita 4. Nenda Paje au Jambiani maji yakiwa yamekupwa: bahari imerudi nyuma hadi kwenye mwamba wa mbali, na kina mama wa mwani wanatembea palepale ambapo saa chache zilizopita mtu angeweza kuogelea. Kubeba mtungi wa hewa mgongoni hadi kule ni adhabu, na ukikosea saa ya kurudi utaikuta mikondo inakimbia kwenye milango ya mwamba. Ndiyo maana Mnemba, Pemba na Mafia tunazamia kwa boti, na tunafanya sawa. Ila boti ina ratiba yake. Inaondoka wakati wa nahodha, inarudi wakati wa nahodha, na asiyeipenda ratiba hiyo abaki hotelini.

Kwa hiyo anayetaka kuona uzamiaji wa ufukweni ukiwa katika hali yake bora, kisiwa cha kukitazama kwanza ni Bonaire. Kipo Karibi, kama kilomita 80 kaskazini ya Venezuela, na tangu tarehe 10 Oktoba 2010 ni manispaa maalumu ya Uholanzi. Wenyeji wanazungumza Kipapiamento nyumbani, Kiholanzi ofisini, na Kihispania au Kiingereza na wageni. Mji wake mkuu, Kralendijk, unaumaliza kwa miguu kabla hujachoka. Hakuna majumba marefu ya kitalii yaliyopangwa ufukweni kama Cancún, wala fukwe ndefu za mchanga mweupe, na ukosefu huo wa mchanga umekilinda kisiwa na mengi. Wapenda fukwe huenda Aruba. Wanaokuja huku ni watu wa majini.

Ramani yake inaeleza karibu kila kitu. Kisiwa kimepinda, na ndani ya mpindo kunatazama magharibi. Upepo huvuma kutoka mashariki karibu mwaka mzima, kwa hiyo pwani yote ya magharibi, kwa lugha ya manahodha wetu, iko upande wa demani: maji yake yametulia hata siku ambayo upande wa pili, ule wa joshini, mawimbi yanapasuka juu ya majabali na hakuna mwenye akili anayeingia. Ndani ya mpindo huo kumekaa kisiwa kidogo tambarare kisicho na wakazi, Klein Bonaire, nacho kinasaidia kuvunja nguvu ya mawimbi. Nchi yenyewe ni kame, ya dungusi kakati na vichaka vya miiba, haina mto hata mmoja wa kumwaga tope baharini, na ndiyo sababu mara nyingi unaona mbele yako hadi mita 30. Kupwa na kujaa kwa maji hakuzidi sana sentimita 30. Fikiria maana yake: saa mbili asubuhi, saa tisa alasiri au saa mbili usiku, pwani ni ileile. Hakuna jedwali la maji la kuangalia, wala hofu ya kutoka na kukuta njia uliyoingilia imekauka.

Kisha kuna umbo la mwamba, na hapa naomba msomaji atulie kidogo, kwa sababu hili ndilo jambo ambalo wauza safari hawalielezi. Mwamba wa Bonaire haukujijenga mbali na nchi kavu kama mwamba wetu wa mashariki ya Unguja. Umeikumbatia nchi. Unapoingia majini unapita kwanza juu ya uwanda mwembamba wa mchanga na matumbawe laini yanayoyumba, kina cha mita 3, 5, 8. Karibu na mita 10 ardhi inainama ghafla na kuwa mteremko unaoshuka hadi mita 30 na kuendelea. Sehemu nyingi ukingo huo uko ndani ya mita 100 kutoka ufukweni, na kwingine ni karibu zaidi. Mtu wa umri wowote mwenye pumzi ya kawaida anaufikia bila kuhema.

Tuseme umesimama kusini mwa kisiwa, mahali paitwapo Angel City. Umeegesha gari kando ya barabara, umevaa suti nyepesi ya kuzamia na viatu vya soli ngumu. Viatu hivyo ni lazima, kwa kuwa chini si mchanga wa kutembea peku bali ni vipande vya matumbawe yaliyokufa, vya rangi ya mfupa, vinavyoteleza na kugongana kila unapokanyaga. Mwenzako anakushika mkono. Mnatembea kwa kuburuza nyayo, mapezi mkononi, miwani shingoni, regulata mdomoni tayari, maana anayeanguka na mtungi wa kilo 14 mgongoni anataka kuwa na hewa kabla hajataka kuwa na heshima. Maji yakifika kiunoni mnajaza hewa kwenye jaketi za kuelea, mnalala chali na kuvaa mapezi mkiwa mnaelea. Hiyo ndiyo sehemu ngumu ya siku nzima, na imekwisha.

Chini, pono utamsikia kabla hujamwona. Anatafuna matumbawe kwa midomo yake migumu, na mlio wake unakuja wazi kabisa, mkavu, kutoka upande usioujua. Unatazama mkondo unasukuma mwani upande gani, kisha unaanza safari yako kuukabili, ili wakati wa kurudi ukubebe. Unashuka hadi mita 18 au 20, unazungukazunguka kwenye mteremko, na hewa ikifika nusu unageuka na kupanda taratibu. Kinachonivutia zaidi kwenye mwamba wa namna hii ni mwisho wa mzamo. Kwenye boti, zile dakika 3 za kusimama kina cha mita 5 ili naitrojeni ipungue mwilini ni za kuning'inia kwenye kamba ukitazama saa. Hapa kina cha mita 5 ndio uwanda uleule ulioingilia, umejaa mikunga wadogo, pweza na samaki wachanga. Unaweza kukaa dakika 20 pale ukitazama jiwe moja, na mwili wako unafaidika kwa kila dakika unayoongeza.

Sehemu za kuzamia zinazotambuliwa ni zaidi ya 80, na nyingi kati yake unaziingia kutoka ufukweni. Kando ya barabara kuna mawe yaliyopakwa rangi ya manjano, kila jiwe na jina la sehemu yake. Wageni hukodi gari la pikapu pamoja na chumba, wanapakia mitungi nyuma na kutafuta jiwe lisilo na gari. Kama lina gari wanasogea hadi la mbele. Vituo vingi vya kuzamia vinakuachia mitungi nje usiku na mchana, unajichukulia na kuandika jina. Jambo la kuangalia ni wizi wa kwenye magari ambao wenyeji hawaufichi: usiache kitu cha thamani ndani, na wengi huacha vioo wazi kabisa ili mwizi ajionee mwenyewe kuwa hakuna kitu na asivunje.

Uhuru huu wa saa unafungua mambo ambayo ratiba ya boti huyakosa. Siku chache baada ya mwezi mpevu, kabla ya saa nzima kupita tangu jua kutua, viumbe wadogo sana, jamaa wa mbali wa kaa na kamba, hutoa vitone vya mwanga wa buluu vinavyopanda majini kimoja juu ya kingine. Ni madume yanaita majike. Ili kuviona unazima tochi na kusubiri gizani. Boti ya watalii haiwezi kupangwa kwa ajili ya muda mfupi kama huo, lakini anayelala hatua chache kutoka kwenye ngazi ya kuingilia majini anamaliza chai, anaangalia saa, anashuka. Usiku huohuo huenda samaki mkubwa wa rangi ya fedha aitwaye tarpon, mrefu kama mtu, akakupita begani akitumia mwanga wa tochi yako kuwinda. Mara ya kwanza moyo unaruka. Hana shida na wewe.

Lakini ni kosa kudhani kwamba yote haya ni zawadi ya maumbile peke yake. Visiwa vya upande wa demani ni vingi duniani, na vingi vimebaki na mwamba wa kijivu usio na samaki. Bonaire ilianza mapema. Mayai na viota vya kasa vililindwa kisheria tangu 1961. Mwaka 1962 alifika Mmarekani mmoja kwa jahazi lake, Valerie Queen, naye ni Don Stewart, aliyekuja kujulikana kama Kapteni Don. Alikuwa mwindaji wa samaki kwa mkuki kama wenzake wa enzi hizo, kisha akageuka na kuwa mmoja wa sauti kubwa za kuutetea mwamba. Kuwinda kwa mkuki kulipigwa marufuku mwaka 1971. Mwaka 1975 ikawa haramu kuchukua matumbawe, yaliyo hai na yaliyokufa. Mwaka 1979 hifadhi ya bahari ikatangazwa kuzunguka kisiwa chote, kuanzia mstari wa maji yanapojaa hadi kina cha mita 60. Yaani unapotia kidole cha mguu majini, tayari umo hifadhini. Boti hazitupi nanga juu ya mwamba, zinafungwa kwenye maboya. Don Stewart alifariki mwaka 2014, na maboya yale ni sehemu ya kazi aliyoisukuma.

Kwa mgeni, sheria hizo zinaonekana hivi: unalipa ada ya hifadhi, ambayo huendesha shughuli za ulinzi, unazama kwanza mzamo wa majaribio kwenye maji ya karibu ili ionekane kama unajua kuelea bila kugusa kitu, na hutakiwi kuvaa glavu. Hili la glavu wengine hulilalamikia. Mimi naona ni sheria yenye busara sana, kwa sababu mkono mtupu unaogopa kushika, na mwamba usioshikwa unadumu. Ukienda kisiwa chochote duniani na wenye kituo wakakupa mitungi bila kukuuliza cheti, bila kutaka kuona unavyoelea, usifurahie wepesi huo. Jiulize walikuwepo wangapi kabla yako.

Sasa ndipo tunaweza kuzungumzia hoteli, kwa ufupi, maana ukishachagua pwani mengi yamejiamua yenyewe. Tafuta yenye mwamba wake mbele, na ngazi au gati la kushukia. Uliza kama mitungi inapatikana baada ya ofisi kufungwa, kama kuna beseni la maji baridi la kusuuzia vifaa na chumba cha kuvianika chenye kufuli karibu na maji. Hatua 200 si kitu asubuhi, ila baada ya mzamo wa tatu mtu huzihesabu. Kwa upande wa utulivu, idadi ya vyumba inakueleza zaidi kuliko nyota za hoteli. Meli kubwa za kitalii hufunga gati Kralendijk, na siku hizo mji unajaa watu kuanzia asubuhi. Ratiba yake hutangazwa mapema, kwa hiyo unaweza kuchagua wiki yenye meli chache au kukaa mbali na gati. Uwanja wa ndege nao uko jirani na mji upande wa kusini. Anayependa ukimya kamili aelekee kaskazini kidogo.

Wapo watakaouliza kuhusu Maldivi, iliyo karibu nasi zaidi na ambayo ni bahari yetu wenyewe ya Hindi. Ni chaguo zuri, kwa sharti moja. Huko kila kisiwa cha hoteli kina mwamba wake, lakini havifanani hata kidogo. Kimoja ukingo wa mwamba uko hatua chache kutoka mchanga, kingine kimezungukwa na maji mafupi ya kijani kwa mamia ya mita, mazuri kwa picha na hayafai kwa mzamiaji. Mikondo ya kwenye milango ya visiwa ni mikali. Tazama picha ya setilaiti kabla ya kulipa: ukiona buluu nzito inakaribia nyumba, hapo pana maana.

Bonaire nayo si pepo isiyoguswa na lolote. Iko kusini ya njia ya kawaida ya tufani za Atlantiki, na tufani ni chache, lakini Novemba 1999 tufani Lenny ilisafiri kutoka magharibi kwenda mashariki, kinyume cha kawaida, na mawimbi yake yakaupiga mwamba upande usiozoea kupigwa. Mwaka 2008 mawimbi ya tufani Omar yaliupiga upande huohuo. Mwaka 2009 alionekana samaki simba, yule mwenye mapezi mapana na miiba ya sumu. Jamaa zake tunawafahamu vizuri kwenye miamba yetu, nyumbani kwao, ambako wako mahali pao. Karibi ni mgeni asiye na adui wa kutosha, anawamaliza samaki wachanga, na wazamiaji wa kujitolea wenye kibali wamekuwa wakimwinda kwa miaka. Mwaka 2023 ulikuja ugonjwa unaoua nyama ya matumbawe magumu na kuacha mfupa mweupe. Matumbawe makubwa ya ubongo, yaliyokua kwa karne, yanaweza kufa ndani ya wiki au miezi. Ugonjwa huu ndio unaonitia huzuni kuliko tufani. Mzamiaji anaweza kuupunguzia kasi kwa kutakasa vifaa vyake kwa dawa, hasa anapotoka kisiwa kimoja kwenda kingine, na watu wa kisiwani wanaomba hivyo kwa msisitizo. Tafadhali fanya, hata usipoona mtu wa kukusimamia.

Safari kutoka Dar es Salaam au Nairobi kwa kawaida hupitia Amsterdam, na si ya bei nafuu. Viza ya Schengen na viza ya maeneo ya Karibi ya Ufalme wa Uholanzi ni vitu viwili tofauti. Ubalozi uulizwe mapema kipi kinakuhusu. Sarafu ya kisiwani ni dola ya Marekani tangu 2011. Siku ya mwisho lazima iwe kavu, kwa sababu baada ya kuzama mara nyingi unatakiwa kukaa angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege. Itumie kusini, kwenye mashamba ya chumvi. Pale pwani vimesimama vibanda vya mawe vilivyojengwa mwaka 1850, mtu mzima haingii bila kuinama, na humo walilala watumwa waliochimba chumvi. Familia zao zilikuwa Rincon, upande mwingine wa kisiwa, mwendo wa saa nyingi kwa miguu. Utumwa katika makoloni ya Uholanzi huko ulikomeshwa mwaka 1863. Mita chache kutoka vibandani, magari ya wazamiaji yameegeshwa. Mtu wa Bagamoyo au Unguja hatahitaji kuelezwa vibanda hivyo ni nini.

Na asiyeweza kwenda mbali hivyo? Maswali ni yaleyale, majibu ndiyo yanabadilika. Pwani yetu inadai boti na inadai kalenda. Mafia, katika mlango wa Kinasi unaoingia ghuba ya Chole, maji yakijaa yanaleta bahari safi ya nje na yakipwa yanatoa vumbi la ghubani, kwa hiyo saa ya kuzama huamuliwa na maji. Usipange safari kwa kufuata wikendi. Wavuvi watakwambia uje siku ya saba au ya nane ya mwezi mwandamo, au ya ishirini na mbili, wakati wa maji mafu, mkondo umelegea. Kati ya kusi na kaskazi, mnamo Oktoba na Novemba, bahari mara nyingi hulala. Ukipata tarehe zinazokutanisha hayo mawili, ndipo piga simu hotelini uulize vyumba.